Kimya cha Sethunya

Mwisho wa mwezi Gaborone nzima huhamia benki. Siku hiyo foleni ilianzia dirishani, ikazunguka nguzo, ikatoka nje mpaka kwa akina mama wanaokaanga magwinya, maandazi ya huko, na katika watu wote hao hapakuwa na aliyekohoa. Madirisha yalikuwa matano. Lililofunguliwa lilikuwa moja. Ebo Quansah, mwalimu wa hesabu kutoka Cape Coast, Ghana, alivumilia kadiri Mghana anavyoweza kuvumilia, kisha akapaza sauti.

“Dada, samahani. Hayo madirisha manne ni mapambo?”

Watu wakatazama viatu vyao. Msichana wa dirishani akainamisha uso na kuendelea kuhesabu noti, taratibu kuliko mwanzo.

“Umemsalimu?” mtu akauliza nyuma yake.

Ebo akageuka. Watu hupendeza siku ya mshahara, lakini huyu mwanamke alikuja na suruali ya kaki, buti nyekundu za mpira zenye tope lililokauka, na harufu ya dawa ya kuogeshea mifugo. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba hadi kisogoni. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejizuia kucheka. Ebo mwenyewe alivaa shati la kitambaa cha kwao, manjano na kijani, lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

“Nimsalimu? Nimekuja kuchukua hela, sikuja kumposa.”

“Basi utachukua kesho, rra.”

Akampita, akasogea dirishani, akainama kidogo. “Dumela, mma. Mmeamkaje? Na nyumbani? Mama yule amepata nafuu?” Msichana akajibu, akatabasamu, akageuka kumwita mtu ndani. Baada ya muda mfupi dirisha la pili likafunguliwa.

“Mwanamke wewe ni mchawi,” Ebo akasema.

“Mimi ni daktari wa ng'ombe. Ng'ombe nao usipowasalimu wanakupiga teke. Una muda gani nchini?”

“Miaka sita.”

“Na miaka yote sita umepanga foleni ndefu. Pole sana.”

Jina lake lilikuwa Sethunya Ramokate. Ebo aliondoka benki na namba yake ya simu na kusahau hela alizofuata.

Mapenzi yao yalikuwa ya maswali. Sethunya aliuliza kila kitu. Kwa nini Waghana wanatia pilipili kama wanaadhibu mtu? Mama yako akikasirika hufanya nini? Ulimwacha nani Cape Coast, na usinidanganye, kwa nini mlikosana? Ebo, ambaye darasani yeye ndiye huuliza, alijikuta anajibu kama mwanafunzi, tena kwa raha. Kitu kimoja tu kilimkera: kila Ijumaa jioni mji ulipohama kwenda vijijini na kwenye mazizi, Sethunya naye alihama.

“Uko wapi, mpenzi?” angepiga simu.

“Kanye, kwa mjomba. Ng'ombe wangu anazaa.”

“Jumamosi iliyopita pia alikuwa anazaa.”

“Yule ni mwingine. Unaona wivu na ng'ombe, Ebo?”

“Anakuona kuliko mimi.”

“Ng'ombe hajanitia aibu benki.” Akacheka, kisha akauliza: “Mkataba wako ukiisha, utakaa wapi?”

“Utakapokuwa wewe na hao ng'ombe wako.”

“Unasema kweli?”

“Niulize tena kila siku, jibu ni hilohilo.”

Naye aliamini. Mtu huamini anachokitaka, na Sethunya alimtaka huyu mwanamume mwenye makelele kuliko alivyokuwa tayari kumwambia.

Wageni wa Gaborone wana ibada yao ya Jumamosi mchana: nyama kwenye makaa, bia kwenye barafu, na nchi ya watu mezani. Nimekaa kwenye meza hizo vya kutosha, na sijawahi kuona nchi inayotafunwa vizuri namna ile. Kwa Chilufya, mkaguzi wa hesabu kutoka Zambia, ndiko ibada ilikokuwa na waumini wengi, na Jumamosi moja Ebo alimpeleka Sethunya huko. Sethunya alivaa gauni la bluu la leteisi, kitambaa cha sherehe cha kwao, lenye utepe mweupe pindoni, na kilemba cha kitambaa hichohicho, amependeza mpaka Chilufya akasahau kugeuza nyama.

Baadaye Sethunya aliingia jikoni kumsaidia mama mwenye nyumba, na wanaume wakarudi kwenye ibada yao.

“Kwetu Kitwe umeme ukikatika watu wanatoka barabarani na masufuria,” Chilufya alisema. “Hapa wanawasha mshumaa na kushukuru.”

“Mbunge wao miaka ishirini haonekani,” akasema Nair, mhasibu kutoka Kerala. “Akionekana wanamwimbia.”

Ebo alikuwa na bia ya pili mkononi na wasikilizaji mbele yake, na mwalimu akipata wasikilizaji ni vigumu kumkalisha. “Watu hawa hawajui kukasirika. Mkanyage mguu, yeye ndiye atakuomba radhi.”

Wakacheka sana. Chilufya akafuta machozi. “Na wewe je? Naona umeshapata mchumba. Utabaki huku?”

“Nibaki? Kaka, hakuna anayezeekea hapa. Nchi hii ni duka. Ukishanunua, unatoka.”

Sethunya alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la saladi. Aliliweka mezani, akaketi, akala, akamsifu mwenye nyumba kwa mapishi. Njiani kurudi, Ebo aliona si vibaya kuuliza.

“Umefurahi?”

“Nyama ilikuwa nzuri.”

“Wale jamaa ni watani tu.”

“Ndiyo, rra.”

Tangu wapendane hakuwa amemwita rra, bwana, kama mtu baki. Ebo aliwasha redio.

Wahenga wa Kiswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini methali hiyo haijafika Cape Coast. Wiki zilizofuata Sethunya alipokea simu zote, akajibu kila salamu kwa ukamilifu.

“Hujambo, mpenzi?”

“Sijambo, rra. Asante kwa kupiga.”

“Tuonane Jumapili?”

“Nina kazi. Asante kwa kunikumbuka.”

Ebo alimhadithia Nair kwa fahari. “Nilidhani amesikia. Labda hakusikia, na kama alisikia amesamehe. Hana kinyongo hata kidogo. Angekuwa Mfante wa kwetu, saa hii ningekuwa na alama ya mwiko kwenye paji la uso.”

“Una bahati,” Nair akamwambia. “Mke wangu angenirudisha Kerala kwa miguu.”

Kampeni zilikuwa zimefika. Uwanja wa mikutano ulitazamana na shule ya Ebo, kwa hiyo aliyaona yote akiwa dirishani. Mbunge alikuja na hema, viti vya plastiki na suti ya kijivu iliyomkaa vizuri. Watu walimsikiliza saa nzima, wakapiga makofi, wakamwitikia “Pula!”, yaani mvua na heri, kila alipotaka, wakaenda zao. Hakuna aliyenyanyua mkono kuuliza.

Siku chache baadaye akaja mpinzani, binti mwanasheria aliyevaa jezi ya mpira na viatu vya kukimbilia. Huyo walimtoa jasho. Maji? Malisho? Wewe umewahi kukamua ng'ombe? Kwa nini mwaka jana ulihama chama? Bibi mmoja alimwambia anaongea kama bomba linalovuja, na akitaka kura yake aanze upya, polepole. Yule binti akaanza upya.

“Amekwisha,” Ebo akawaambia wenzake kwa simu. “Wamemchanachana. Mbunge anarudi.” Chilufya akaweka dau la kreti ya bia. Nair hakubisha, kwa hiyo dau likakosa mpinzani.

Asubuhi ya matokeo, mbunge wa miaka ishirini alikuwa ameanguka, tena vibaya. Mtaani hapakuwa na fujo wala kioo kilichovunjika. Watu walikwenda kazini, wakasalimiana kama kawaida, ila walitembea kwa furaha kidogo.

Katika chumba cha walimu Ebo alimwona Mma Oageng, anayefundisha Kitswana, akila embe kwa utulivu.

“Sielewi,” akamwambia. “Hamkumlalamikia hata mara moja. Yule binti ndiye mliyemsumbua.”

“Na ndiye tuliyemchagua.”

“Lakini mbunge hamkumuuliza hata swali moja.”

Mma Oageng akafuta mikono. “Rra Quansah, wewe ukienda sokoni huwa unauliza bei ya kitu usichokitaka?”

Ebo akacheka, na kicheko kikamfia mdomoni. Akajaribu kukumbuka swali la mwisho alilouliza Sethunya. Tangu Jumamosi ile kwa Chilufya hakuwa amemuuliza hata amekula nini. Hakuuliza juu ya mama yake, wala pilipili, wala atakaa wapi. Asante, rra. Nenda salama, rra. Wiki zote hizo Ebo alikuwa ameshaangushwa, naye ameendelea kupunga mkono kama mtu aliyeshinda. Akaogopa, woga wa kweli. Alimpenda yule mwanamke na alikuwa ameuza mapenzi yake kwa kicheko cha watu wawili waliolewa.

Jumamosi aliendesha gari lake kuukuu hadi Kanye. Mjomba wa Sethunya, Rre Kebadire, alikuwa ameketi uani na redio ya mkono sikioni, anasikiliza mpira, na timu yake ilikuwa inafungwa. Sethunya alikuwa kando ya bomba anaosha buti zake, amejifunga khanga kiunoni juu ya suruali.

“Dumela, rra,” akasema. “Umeamkaje? Karibu chai.”

Angemrushia buti, Ebo angeshukuru. Alimsalimu mjomba, akauliza hali ya nyumba, ya mifugo na ya mvua, hakuruka kitu. Akaletewa kiti, akabaki amesimama.

“Mjomba, nina maneno. Niliyasema mbele ya rafiki zangu, nyinyi hampo. Nimekuja kuyasema mbele yenu.”

“Yaseme haraka,” mjomba akajibu, “wana kona.”

“Nilisema Watswana hamjui kukasirika. Nikasema hakuna anayezeekea hapa. Nikasema nchi yenu ni duka, ukinunua unatoka.”

Mjomba akashusha redio mapajani. Sethunya akafunga bomba.

“La duka ni upumbavu, nalifuta,” Ebo akaendelea. Sauti yake, iliyozoea kufika dawati la nyuma, ilikuwa ndogo. “La kuzeeka ni uongo. Nilitaka wacheke. Nataka kuzeekea hapa, na huyu, kama bado ananitaka. Hayo mengine, sitakudanganya mjomba, nusu yake bado naamini.”

Redioni watu walikuwa wanashangilia bao la upande mwingine.

“Chai yako ni ya sukari ngapi, rra?” Sethunya akauliza.

Alijua. Alikuwa amemtilia chai mwaka mzima; hilo lilikuwa swali la kumwuliza mgeni. Ebo akaitikia kwa kichwa, kwamba ameelewa, akamshukuru mjomba kwa kumsikiliza, akatembea kuelekea langoni. Alikuwa ameshika komeo aliposikia buti likianguka chini.

“Nusu ipi?”

Akageuka.

“Umesema nusu bado unaiamini,” Sethunya akasema. “Nusu ipi, Ebo?”

“Kwamba mnavumilia mno.”

“Tunavumilia? Tumemtoa mtu kwa siku moja, bila kumpiga jiwe, na jioni tukala chakula chetu!”

“Baada ya miaka ishirini! Ingekuwa miwili ningekupigia makofi.”

“Na kwenu? Mnapiga kelele mwaka mzima halafu mnamchagua yuleyule!”

“Hiyo ni kweli kidogo.”

“Nilikuuliza kwa simu, ukaniambia niulize kila siku!” Alikuwa amemfikia sasa, kidole kifuani kwake, na machozi yanamtoka bila kuyajali. “Ningekuuliza vipi tena? Niliingia na saladi, nikakuta umeshajibu! Na ulimjibu nani? Chilufya! Mtu aliyetulisha nyama mbichi!”

“Nisamehe.”

“Sijamaliza!”

“Najua. Usimalize.” Ebo alikuwa anatukanwa mbele ya mkwe na majirani wawili waliokwisha kusogea kwenye ua, na hakumbuki siku aliyokuwa na furaha kama hiyo.

Rre Kebadire akazima redio. Mpira ulikuwa umeshaharibika. Akakisukuma kiti kwa mguu mpaka kikafika nyuma ya magoti ya mgeni.

“Keti, kijana. Kwetu mtu haji kuposa peke yake kama mwizi. Wajomba zako ni akina nani hapa nchini?”

Ebo akawaza. Wa damu walikuwa Cape Coast, na nauli ni ndefu. “Mjomba, nina Mzambia mmoja na Mhindi mmoja.”

Mzee akamtazama mpwa wake. Sethunya alifuta uso kwa pindo la khanga. Hasira ilikuwa haijamtoka.

“Walete,” akasema. “Nina maswali nao.”