Niligeuza Altimita Nisimwaibishe Baba Mkwe

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Tororo. Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba. Kazi yangu ni kukagua karatasi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka: namba ya gari, namba ya kontena, namba ya sili inayofunga mlango wake. Kila namba naisoma kwa sauti mara mbili, kisha namlazimisha dereva naye aisome. Madereva wananicheka. Wananiita Mwalimu wa Darasa la Kwanza. Waache wacheke! Hawajui nilikotoka...

Kabla ya malori haya nilikuwa rubani. Nilikalia kiti cha kulia, kiti cha msaidizi, katika ndege ya abiria ya kampuni moja ndogo. Kiti cha kushoto mara nyingi alikikalia Kapteni Wandera, mzee wa Masinya, upande wa Busia. Karibu kila ninachokijua kuhusu anga nilifundishwa na yeye.

Niwaeleze jambo moja ili mnielewe. Mbele ya kila rubani kuna altimita, kama saa hivi, inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani. Lakini saa hiyo haijui chochote mpaka uiwekee namba ya mgandamizo wa hewa ya pale mnapotua. Namba hiyo hutolewa na mwongoza ndege kwenye redio. Ukiweka namba kubwa kuliko ya kweli, altimita itakudanganya kwamba bado uko juu, kumbe miti iko karibu. Ndiyo maana kila rubani huweka ya kwake, kisha mnasomeana.

Kapteni alikuwa mkali sana kwa hilo. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Namba yako na yangu ikikosa kufanana, piga kelele. Hata kama mimi ni baba yako!"

Hata kama mimi ni baba yako... Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo miaka yote hii.

Na kweli nilikuwa napiga kelele. Nilimsahihisha mara mbili tatu, akacheka, akasema kijana wa Tororo ana macho ya mwewe. Kisha nikampenda binti yake, Nekesa, mwalimu wa shule ya msingi. Naye akanipenda. Tulikwenda Masinya na ukoo wangu kujitambulisha, ng'ombe wakapelekwa, watu wakala na kucheza. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Siku hiyo shangazi yake Nekesa aliniita pembeni, akanipa masharti ya ukwe. Nisimtazame baba mkwe machoni. Nisile naye meza moja. Na zaidi ya yote, nisimkosoe. Alisema kumkosoa mkwe ni sawa na kumvua nguo sokoni. Niliitikia kwa heshima zote. Ningefanya nini? Nilikuwa nimefundishwa hivyo hivyo kwetu.

Wiki mbili baadaye ratiba ya kazi ikatoka. Kapteni Wandera na mimi, ndege moja!

Ningeweza kwenda ofisini nikaomba nipangwe na mtu mwingine. Kampuni haikujua kwamba tumekuwa wakwe. Sikwenda. Niliona haya kuonekana mtoto, na Kapteni naye hakusema kitu. Wasomaji wenzangu, hapo ndipo safari yangu ya kuharibikiwa ilipoanza, si angani.

Asubuhi ile mawingu yalikuwa mazito. Chumba cha marubani ni kidogo, mabega yanakaribia kugusana, na mimi nilikuwa nimejibana dirishani nisimguse baba mkwe. Hatukuzungumza ila ya kazi. Tulipoanza kushuka, mwongoza ndege akatoa namba: elfu moja na nane. Niliirudia sawasawa redioni, nikaiweka kwenye altimita yangu.

Kapteni akaweka ya kwake, akaisoma kwa sauti. Elfu moja kumi na nane.

Palipotakiwa sifuri, aliweka moja. Tarakimu moja tu! Lakini tarakimu hiyo ilikuwa inatuweka chini zaidi ya mita themanini kuliko tulivyodhani, na nje hatuoni kitu.

Niliona. Naapa niliona. Mdomo ulifunguka... nikamkumbuka shangazi. Nikajiambia pengine mzee amesikia vizuri kuliko mimi. Nikajiambia nitasema baadaye kidogo, kwa adabu. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha kubadilishia namba, ukaigeuza altimita yangu iliyokuwa sahihi, ukaifananisha na yake iliyokosea. Kisha nikasema, "Sawa, Baba."

Hata "Kapteni" sikumwita.

Mashine ya tahadhari ilipopiga kelele, miti ilikuwa tayari imejaa kioo chote. Kapteni aliivuta ndege kwa nguvu zake zote, na pua ikainuka. Mkia haukupona. Tulianguka mwanzoni mwa uwanja, tukaburuzika na kuzunguka hadi tukasimama.

Abiria walitoka hai, wengine na majeraha. Amongin hakutoka. Alikuwa mhudumu wetu, binti wa Buteba, na kiti chake kilikuwa kule nyuma kabisa. Asubuhi hiyo alikuwa ametuletea chai, akanitania kwamba nimeoa na sasa nitanenepa.

Wachunguzi walipouliza kwa nini altimita zote mbili zilikuwa na kosa moja, hofu ilinivaa. Nilisema uongo. Nilisema Kapteni ndiye aliyenyoosha mkono akageuza zote mbili, na mimi nikaitikia kwa mazoea. Wakamgeukia mzee. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, macho chini, kama mkwe mwema!

 Mzee akasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Leseni yake ilikwenda. Jina lake likaenda. Alirudi Masinya kulima mihogo, na sokoni Busia watu walimnyooshea vidole. Mimi niliambiwa naweza kuendelea, lakini kitufe kile sikuweza kukishika tena. Nikaacha, nikaja huku kwenye malori.

Lakini kilichonimaliza ni Nekesa. Amongin alikuwa rafiki yake. Mke wangu alimchukia baba yake kwa kugusa altimita isiyokuwa yake! Hakumpelekea wajukuu. Krismasi zilipita, mzee akituma ndizi, Nekesa akizigawa kwa majirani. Nami nilikuwa nakaa pale mezani nikimtazama anagawa... na nikanyamaza. Mwanamume mzima!

Mwaka jana mzee alipatwa na kiharusi. Nilikwenda peke yangu. Nilitaka kukaa mlangoni kama desturi inavyotaka, akanipungia mkono mzima, nikakae kitandani kwake.

"Siku ile, wewe uliona?" aliniuliza kwa shida.

"Niliona, Baba."

"Sasa mbona hukusema?"

Nilimwambia niliogopa kumwaibisha.

Alinitazama machoni, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamtazama. Machozi yakamtoka upande mmoja wa uso. "Na hii yote nimepata," akasema, "si aibu?"

Nilimuuliza kwa nini basi alikubali uongo wangu. Akasema kama angekataa, mtoto wake angebaki na mume gani? Kisha akaniomba nisimwambie Nekesa kamwe. Siku ya tatu akafariki. Nekesa alikwenda mazishini, lakini hakulia.

Nilijaribu kutii, jamani. Nilishindwa. Wiki mbili baada ya mazishi nilimkalisha mke wangu nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama baba yake alimtaja. Kisha akachukua watoto akaenda Masinya, na hadi leo ninapoandika hajarudi. Nimesikia anapalilia mihogo ya mzee.

Nimekwenda pia Buteba kwa mama yake Amongin, na nimewaandikia wachunguzi ukweli. Wakitaka kunifunga, wanifunge. Nimechoka.

Wewe unayesoma, uwe nesi, dereva, fundi au karani, nakusihi. Ukiona mkubwa wako amekosea na roho za watu ziko mikononi mwenu, usingoje adabu ikupe ruhusa. Sema! Atakasirika, atapoa. Mimi wangu amekufa akinitunzia jina, na sina wa kumwomba msamaha.

Hapa Malaba, foleni ikitulia, hujikuta nikiyasema kimya kimya maneno niliyodaiwa asubuhi ile. Yalikuwa machache tu, na nilikuwa na muda wa kutosha kuyasema.

Baba, namba zetu hazifanani.