Visa ya Siku Thelathini

Kila Jumapili ikifika saa nne asubuhi, Chiriku alikuwa ameshaosha vyombo, ameshafagia vipande vya nguo chini ya cherehani ya bibi yake, na ameketi karibu na simu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mama kupiga. Mama alikuwa muuguzi katika nchi ya mbali, na aliondoka Chiriku akiwa darasa la tatu. Sasa alikuwa la sita. Bibi ndiye aliyempa jina la Chiriku kwa ajili ya maneno yake mengi, lakini simu ikishakatika mtoto hakuwa na neno. Alifungua kabati akanusa sweta la mama, ingawa harufu yenyewe ilikwisha zamani.

Jumapili moja mama alileta habari njema. Kibali chake cha kazi kilikuwa kimeongezwa muda, hivyo sasa mwanawe angeweza kuombewa visa ya familia, akaishi naye na kusoma huko. Ila majibu yangechukua miezi mitano. Chiriku akaihesabu kwa vidole, akaona mkono mzima umekwisha.

Kesho yake alikwenda kutoa nakala za vyeti dukani kwa kaka wa mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba Fotokopi. Huku akipanga karatasi, mjomba akamtania kwamba visa ya matembezi hutoka kwa wiki mbili tu. Ni ya siku thelathini, lakini mtu akishafika kwa mama yake, nani atamng'oa? Mjomba akacheka, akaendelea na kazi. Chiriku hakucheka, maana maneno yale yalikuwa yamemwingia.

Bibi aliweza kutunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa tu, lakini herufi ndogo za fomu zilimshinda. Kwa hiyo mjukuu ndiye aliyesoma na kujaza, naye bibi, aliye mlezi wake, akangoja kutia sahihi. Penye aina ya visa, Chiriku akaweka alama kwenye matembezi.

"Hii ndiyo aliyosema mama yako?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

Bibi akatia sahihi. Chiriku hakuwahi kumdanganya bibi kabla ya siku hiyo, na aibu ilimpata pale pale. Lakini hamu ya kumwona mama iliishinda aibu.

Fomu ilitaka pia barua kutoka shuleni. Mwalimu wake alikuwa ameshamwandikia barua ya uhamisho, kwa kuwa Chiriku alikuwa ameitangazia shule nzima kwamba anahamia kwa mama. Akaitia kwenye faili bila kufikiri, tena juu kabisa, kwa sababu ilimsifu kwa hesabu.

Faili ikapelekwa, na wiki iliyofuata Chiriku na bibi waliitwa ubalozini. Afisa wa dirishani, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akafungua faili, akasoma, akarudia kusoma.

"Unakwenda kutembea siku thelathini?"

"Ndiyo."

"Mbona shule inasema umehama?"

 Afisa akaeleza kwamba ombi kama lile likikataliwa, kukataliwa huko hubaki kwenye kumbukumbu. Siku wakija kuomba visa ya familia, wangeulizwa kwa nini walidanganya. Kisha akamtazama bibi, kwa kuwa sahihi ilikuwa yake. Bibi, aliyeketi nyuma kidogo, hakuwa amesikia wala kujua lolote. Alikuwa akitabasamu kwa heshima tu, mkoba magotini. Hilo ndilo lililomchoma Chiriku.

"Bibi hana kosa," akasema huku machozi yakimtoka. "Hakuweza kusoma. Mimi ndiye niliyechagua. Nilitaka kufika haraka."

Afisa akafunga faili. Akasema uamuzi bado haujatolewa, kwa hiyo wanaweza kuliondoa ombi wenyewe na kuleta linalostahili. Akamwandikia bibi orodha ya karatasi zinazohitajika kwa herufi kubwa.

Njiani bibi alisema neno moja tu, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Jumapili alimpa Chiriku simu aeleze mwenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Unadhani mimi sikuifikiria hiyo ya siku thelathini?" mama akasema. "Ungekuja, shule isingekupokea. Siku zikiisha ningekupeleka uwanja wa ndege nikuone ukiondoka. Nilikuacha mara moja, mwanangu. Mara ya pili siwezi."

Walijaza fomu upya. Safari hii bibi alidai asomewe kila mstari, na Chiriku akasoma mpaka koo likamkauka. Mwalimu naye akakubali aendelee na darasa wakati akisubiri. Miezi ilikwenda polepole mno. Siku nyingine Chiriku alilia, na bibi alimwacha alie.

Asubuhi moja, mwezi wa tano wa kusubiri, pasipoti ilirudi, na ndani mlikuwa na visa ya familia. Chiriku akarukaruka chumba kizima. Kisha akamwona bibi ameketi, uso ameuelekeza kwenye cherehani.

"Bibi, hukufurahi?"

"Nimefurahi, mjukuu wangu. Lakini nikuambie kweli, mimi ningependa ile ya siku thelathini, uende urudi. Hii nimeitia sahihi kwa mkono wangu nikijua inakuchukua. Ukitamani kitu sana, hapo ndipo uongo huwa mtamu. Basi hapo ndipo ushike ukweli, hata kama unakuuma."

Chiriku akaketi chini, akaweka kichwa mapajani mwa bibi, wakakaa hivyo mpaka mchana.