Dakika Kumi za Ghalani

Mwaka 2014 rafiki yangu Jeptoo alikuwa mpimaji wa mionzi katika ghala la taka za nyuklia, chini ya hospitali moja ya Doha. Kanuni iliruhusu mtu mmoja ndani, dakika kumi, basi. Siku hiyo, saa nne asubuhi, mlango ulikwama akiwa ndani na taa zikazimika.

"Tulia, madam, usianze kung'aa," Shaun, mwenzake wa zamu, alimtania kutoka nje. "Naleta fundi." Hatua zake zikapotea.

Dakika kumi zikapita. Kipima mionzi mkononi mwake kikaanza kulia haraka zaidi, ingawa Jeptoo hakuwa amesogea. Aliugonga mlango kwa viganja vyote viwili, na kwa hofu, badala ya kuomba kutolewa, neno lililomtoka lilikuwa "Hodi."

Nyuma yake, gizani, mtu akamjibu kwa upole, "Karibu."