Stika za Baba na Ufa Unaotembea

Wakesho aliishi Wundanyi, juu milimani. Siku hiyo hakutulia. Kesho yake Mama angetoka hospitali na mtoto mchanga.

Gari la kuwaleta lilikuwepo. Lilikuwa la Baba, dogo, la buluu, lenye kelele.

Wakesho na Baba walitoka kwenda kununua shali ya mtoto. Lori likawapita. Jiwe likaruka. Ta!

Kioo cha mbele kikapata ufa. Ulikuwa mdogo, kama ukucha wa Wakesho.

Baba alisema hilo si jambo. Baba huyu alipenda stika kuliko chai. Akabandika stika ya ua juu ya ufa. Pap!

Barabara ilikuwa na mashimo. Dum, dum, dum. Wakesho akachungulia.

"Ufa, ufa, umelala?"

Ufa haujalala. Ufa unatembea. Kri, kri, kri.

Ukachomoza kando ya ua. Baba akabandika stika ya simba. Pap!

Jua likawaka. Kioo kikapata moto. Wakesho akachungulia tena.

"Ufa, ufa, umelala?"

Ufa haujalala. Ufa unatembea. Kri, kri, kri.

Ukachomoza kando ya simba. Baba akabandika samaki. Akabandika mpira. Pap, pap!

Sasa ua lilionekana. Simba alionekana. Barabara ndiyo haikuonekana.

"Baba, mbuzi!" alisema Wakesho.

Ngiiii! Gari likasimama. Mbuzi alikuwa katikati ya njia, anatafuna, hana habari.

Wakesho aliogopa, lakini alisema bila kusita.

"Baba, stika haizibi ufa. Inauficha tu. Mtoto wetu hatapanda gari hili mpaka libadilishwe kioo."

Baba akabandua stika zilizomziba macho, akaendesha polepole hadi kwa fundi wa vioo.

Fundi aliitwa Mghoi. Aliupitishia ufa kidole, mwanzo hadi mwisho.

"Ungekuwa mdogo bado, ningeuziba," alisema. "Sasa ni mrefu, na uko mbele ya macho ya dereva. Kioo hiki hakina nguvu tena. Kinatoka."

Kioo kibovu kikatoka. Gundi ikapakwa. Kioo kipya kikaingia, taratibu.

Baba alitaka kuondoka hapo hapo. Wakesho akamketisha kwenye benchi. Gundi ikauke kwanza.

Kesho yake Mama alipanda gari na mtoto, amefunikwa shali mpya. Kioo kilikuwa safi, hakina hata stika moja. Baba aliwaona ng'ombe wakiwa mbali. Akasimama, wakavuka.

Usiku Baba alimsimulia Mama yote, hata ya stika. Mama alicheka sana. Kisha akamwita Wakesho kitandani, akampa mtoto ampakate.

"Ulianza kumlinda kabla hajafika nyumbani," alisema Mama.

Mtoto akakishika kidole cha Wakesho. Hakukiachia. Wakalala hivyo hivyo, wote wawili.