Baba Asiyeitika

"Baba Salvatori!"

Hakuna aliyeinuka. Ilikuwa Jumatatu, mwaka tisini na sita, na benchi za hospitali pale Mpanda zilijaa kinamama na vilio vya watoto.

"Baba Salvatori! Wewe mwanaume wa koti la kahawia, umeziba masikio?"

Watu wakacheka. Mwanaume akainuka, mtoto begani anaungua homa. Nesi Josefina, gauni jeupe limepigwa pasi likanyooka, akamtazama. Mh! Mrefu, macho ya upole. Moyo ukamruka, naye akaukasirikia.

Siku tatu wodini alimchunguza. Mwanaume alifua nepi mwenyewe, akabembeleza kwa Kirundi, akatania, "Nesi, ukitabasamu mtoto anapona leo leo." Josefina alitabasamu, halafu akaenda nyumbani na maswali. Mama mtoto yuko wapi? Na kwa nini mtoto akiitwa Salvatori hageuki, ila akinong'onezewa Sixte anacheka?

Asubuhi ya nne alishindwa kuvumilia. "Huyu mtoto umemwiba wewe! Naita polisi!"

Aliporudi na msimamizi, kitanda kitupu. Dripu ya kwinini inaning'inia, nusu haijaisha. Mungu wangu, mtoto atafia njiani! Josefina alitoka mbio, akawakuta getini. Alitaka kufoka, ila aliona yule baba anavyomfunika mtoto kwa koti lake, akashusha sauti.

"Baba, samahani. Nilikuita mbele za watu kama mhalifu. Nieleze, nakusikiliza."

"Naitwa Gervais. Natoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Mtoto alishikwa degedege Jumapili, ofisi ya vibali imefungwa, nikatoka makazini bila kibali. Kadi ni ya mtoto wa jirani, niliiazima ili nisijulikane. Ningekwambia siku ile ile, dada, lakini ulivyoniita... nikaogopa."

"Na mama yake?"

"Alifariki akimzaa."

Josefina aliona aibu. Alimpokea mtoto, wakarudi wodini. Kadi ikaandikwa upya, daktari akatoa barua ya kuombea kibali, na tangu siku hiyo Josefina alimwita Baba Sixte, kwa adabu, hata foleni ikiwa ndefu.

Mtoto alipona. Kila walipokuja kliniki, Gervais na Josefina walisimama getini wakicheka mpaka mlinzi akaguna. Lakini Josefina ni Josefina. Wanaume wangapi hudai wamefiwa, kumbe wana wake nyumbani? Jumapili moja alivaa kitenge kipya, akadandia lori hadi Katumba, kwa Gervais, bila taarifa.

Alikagua kamba ya nguo. Hakuna kanga. Akachungulia jikoni, akaingia chumbani. Gervais alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Umemaliza kukagua, mpenzi?"

"Bado. Uvunguni."

"Basi hamia kabisa, uwe unakagua kila siku."

Josefina alikaa kitandani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Barua ya posa ipeleke kwa baba yangu, kijijini Mamba," alisema. "Na uandike jina lako la kweli."