Kama Ni Takataka, Mutupe

Siku saba walikuwa njiani kutoka Bukavu, vumbi mpaka kwenye meno, na jua la mwisho la safari lilipoanza kuzama Cyprien akageuza gari la mjomba wake kuelekea maporomoko ya Tshopo. Eti hawezi kurudi ofisini Kisangani bila picha ya maporomoko! Karani na kofia yake ya jua, na jua lenyewe linakwenda zake.

Adèle, mkewe, alishuka na mtoto kifuani. Wawili wa kabla yake walikuwa kaburini, ndiyo maana mama mkwe alimpa huyu wa tatu jina la Takataka, ili wale wanaochukua watoto wamdharau, wampite.

"Mambo ya washenzi," Cyprien alisema. "Na wewe umesoma, Adèle!"

Maji yalinguruma. Manyunyu yakawalowesha. Halafu... harufu. Samaki wa juzi.

Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yao, juu ya jiwe. Hawakumsikia akija.

"Mutoto muzuri," akanong'ona. "Jina yake nani?"

Kabla Adèle hajafungua mdomo, Cyprien alishajibu kwa jina la ubatizo, kifua mbele, kama yuko mbele ya bwana mkubwa: "Benoît, mama! Muzima, munene, na akili iko!"

"Benoît..." Yule mama akalamba midomo. "Benoît, kuya kwangu."

Mtoto akamnyooshea mikono.

Maneno yakamtoka Adèle mbio, moja likikanyaga jingine: "Benoît gani, mama, usimusikilize huyu, anajifanya muzungu, huyu ni Takataka, tulimuokota jalalani, kichwa kama kibuyu, ananuka, hata mbwa ilimukataa, hata mimi simutaki!"

"Humutaki?"

"Simutaki."

Yule mama akatabasamu.

"Bon. Kama ni takataka, mutupe."

Maji yalikuwa hatua mbili tu.

Cyprien, bwana wa picha, alikodoa macho, mdomo wazi, bure kabisa.

Adèle alimlaza mtoto wake matopeni. Akasonya. Akageuka, akaondoka. Hatua moja. Ya pili. Mtoto analia. Ya tano... Usigeuke, Adèle. Anayependa ndiye hugeuka. Ya saba.

Kilio kikakatika.

Tfuu!

Alirudi mbio. Mtoto yuko palepale, mzima, mate ya baridi yakimtiririka kwenye paji la uso. Jiwe lilikuwa tupu. Mvuvi aliyekuwa akikunja nyavu karibu na gari alitikisa kichwa: hakuona mama yeyote, na lile jiwe halina njia nyingine ila maji.

"Kichaa tu, chérie," Cyprien alisema garini, sauti imemrudia. "Umeona? Amekwenda."

Adèle alifungua kikwembe kifuani, akampa mtoto titi.

Benoît hakulishika. Alimtazama mama yake kuanzia utosini mpaka kifuani, taratibu, kama mtu mzima. Akakunja pua, kama mtu aliyeonyeshwa takataka. Kisha akageuza uso dirishani, upande wa maji.