Shikamoo ya Waterloo

Rafiki yangu Onesphory alinisimulia mwenyewe. Ana degree ya historia na, kama mimi, hana kazi. Soko huria, wanasema, so jiuze. Mkuu wa shule moja kule Nangwa akamwambia, "Jumatatu fundisha vita vya Waterloo, Napoleoni aliposhindwa. Ukiniridhisha, ajira ni yako." Onesphory akafinyanga askari mia wa udongo, akawapanga mezani, wanafunzi sita wakawa majenerali wa kurusha dadu.

"Sir, Napoleoni wangu amechoka!"

"Hata mimi, Justina. Rusha."

Mvua kubwa ikatia giza darasani, wanafunzi wakakimbilia bwenini. Kitu kikakwaruza gizani, kama kiti kinavutwa. Onesphory akajua mkuu amekuja kukagua, akasema kwa heshima, "Shikamoo."

Kutoka mezani sauti nyingi, kavu kama vigae vikisuguana, zikaitikia kwa uchovu, "Marahaba."